Nani Amemwona Akifanya Kazi?

Mwishoni mwa kila kipindi cha mafunzo ya vitendo, msimamizi wa mwanasaikolojia mwanagenzi huletewa fomu ya kujaza. Upande mmoja kuna orodha ya sifa: kusikiliza, kumtathmini mgonjwa, kupanga tiba, kutunza siri, kuandika kumbukumbu za kikao, kupokea ushauri. Upande wa pili kuna namba za kuzungushia. Msimamizi huzungushia, huandika aya moja ya maneno mazuri, hutia saini, na karatasi hurudi chuoni. Karatasi hiyo husaidia kuamua kama kijana huyu ataachwa peke yake chumbani na mama aliyejaribu kujiua wiki iliyopita, au na mtoto aliyeacha kuongea tangu alipodhulumiwa. Kuna swali moja ambalo fomu nyingi hazimuulizi aliyezijaza: umemwona akifanya kazi?

Mara nyingi hajamwona. Amemsikia akisimulia. Mwanagenzi amekaa na mgonjwa dakika hamsini nyuma ya mlango uliofungwa, kisha siku ya usimamizi amekuja na daftari akaeleza yaliyotokea, kwa namna alivyoyaelewa, kwa kadiri alivyoyakumbuka na kwa kadiri alivyopenda yajulikane. Msimamizi anapompa alama, kwa kiasi kikubwa anapima ufundi wa kusimulia. Mwanagenzi wa seremala hawezi kuificha meza iliyopinda, hata mpita njia ataiona. Kazi ya mwanasaikolojia haiachi kitu cha kushika. Kosa lake hutoka mlangoni pamoja na mgonjwa, ambaye pengine hatarudi tena wala hatasema kwa nini hakurudi.

Kwa muda mrefu taaluma hii ilijaribu kuukwepa ugumu huo kwa kuhesabu muda. Mkutano wa Boulder, Colorado, wa mwaka 1949 ulifanyika wakati Marekani ina askari wengi waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia wakiwa wameumia akili. Ulikubaliana kwamba mwanasaikolojia wa tiba afunzwe kuwa mwanasayansi na mtabibu kwa pamoja, na utarajali wa hospitalini ukahesabiwa kuwa sehemu ya lazima ya malezi yake. Nchi nyingine zimejenga mifumo yenye sura inayofanana. Afrika Kusini humtaka mwanasaikolojia wa tiba awe na shahada ya uzamili, amalize miezi 12 ya utarajali, kisha afanye mwaka mmoja wa huduma kwa jamii. Kenya ilitunga Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014 na kuunda bodi ya kuwasajili. Muda una uzuri wake: unahesabika, hauna upendeleo, na hakuna mzazi atakayekuja chuoni kubishana na kalenda. Lakini saa elfu moja za kurudia kosa lile lile nazo huandikwa saa elfu moja.

Swali lilibadilika rasmi Novemba 2002, wataalamu walipokutana Scottsdale, Arizona, kujadili umahiri badala ya muda: mwanafunzi huyu anaweza kufanya nini? Mwaka 2005 Emil Rodolfa na wenzake walichora umahiri kama mchemraba. Upande mmoja waliweka misingi sita, ikiwemo maadili, kujitafakari na kuheshimu tofauti za watu. Upande wa pili wakaweka kazi sita, kama vile tathmini, tiba na utafiti. Upande wa tatu ulionyesha hatua za kukua kitaaluma. Mwaka 2009 kundi lililoongozwa na Nadya Fouad lilieleza kwa kina mwanafunzi anatakiwa aonyeshe nini anapoanza mazoezi na wagonjwa, anapoingia utarajali na anapoingia kazini. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa makubwa, kwa sababu kabla yake msimamizi aliweza kusema tu kwamba kijana "anafaa" au "bado", bila kulazimika kueleza bado wapi. Hata hivyo, orodha kuwa ndefu hakukufanya jicho la msimamizi kuwa kali zaidi. Namba za kuzungushia ziliongezeka, na aliyezizungushia aliendelea kutegemea masimulizi.

Hapo ndipo ngazi za George Miller, mwalimu wa tiba wa Marekani aliyeziandika mwaka 1990, zinaposaidia kufikiri. Ngazi ya chini ni kujua. Juu yake ni kujua namna ya kufanya, kisha kuonyesha, na ya juu kabisa ni kufanya, katika kazi halisi, siku ya kawaida. Mtihani wa kuandika hupima ngazi ya kwanza. Insha ya uchambuzi wa mgonjwa hupima ya pili. Maigizo ya mtihani hupima ya tatu. Ya nne hupimwa kwa kuangalia kazi yenyewe tu. Masimulizi ya usimamizini, ambayo ndiyo tunayoyategemea kuliko yote, yanaonekana kama ya ngazi ya nne kwa sababu yanamhusu mgonjwa wa kweli, lakini kwa hakika ni ya ngazi ya pili.

Tatizo la alama zenyewe limechunguzwa kwa makini zaidi nchini Australia kuliko mahali pengi. Mwaka 2007 Craig Gonsalvez na mwenzake Freestone walichapisha uchunguzi wa tathmini ambazo wasimamizi wa vituoni walikuwa wamewapa wanasaikolojia wanagenzi kwa miaka kadhaa. Walikuta alama zimerundikana juu, na tathmini ya kituo cha mwanzo haikusaidia sana kubashiri tathmini ya kituo cha baadaye. Fikiria maana yake. Ikiwa karibu kila mmoja ni mzuri sana, alama haimtofautishi aliye hatarini na aliye imara. Na ikiwa wasimamizi wawili wanaomfuata mtu yule yule kwa zamu hawaoni mtu mmoja, basi alama inatueleza zaidi juu ya msimamizi kuliko juu ya mwanagenzi.

Upole huu una sababu, na si zote za aibu. Msimamizi amemlea huyu kijana kwa miezi sita, amemwona akilia baada ya mgonjwa wake wa kwanza kufariki, anajua ada imelipwa kwa kuuza ng'ombe. Anajua pia kwamba akimpa alama ya chini atatakiwa kuandika maelezo, kuhudhuria kikao cha chuo, pengine kujibu rufaa. Na ndani yake kuna sauti inayomwambia kwamba mwanagenzi akishindwa, yeye ndiye aliyeshindwa kumfundisha. Kwetu Afrika Mashariki kuna uzito mwingine: fani ni changa, watu wanajuana, na mtu unayemwandikia "hajafikia kiwango" leo unaweza kukutana naye kesho kwenye kamati, kanisani au msikitini. Ninaielewa huruma hiyo. Lakini huruma inayomwendea mwanagenzi peke yake imemsahau mtu wa tatu, yule atakayekaa mbele yake mwakani akiwa hana msimamizi.

Kuna udhaifu wa pili ulio mgumu zaidi kuushika, nao ni sifa moja kuzifunika nyingine zote. Mwanagenzi mchangamfu, mwenye adabu, anayefika mapema na kuandika Kiingereza kizuri, hupata alama nzuri hata kwenye tathmini ya hatari ya kujiua, jambo ambalo huenda hajawahi kulifanya. Katika jamii zetu, ambako ushauri umekuwa kazi ya shangazi, somo, shehe na mchungaji, ni rahisi zaidi kudhani kwamba mtu mpole mwenye sauti ya kutuliza tayari ni mtabibu. Upole ni mwanzo mzuri. Haumfundishi mtu kuuliza waziwazi kama mgonjwa ameshanunua sumu na ameiweka wapi.

Gonsalvez na wenzake walijaribu dawa moja ninayoiona ya busara. Badala ya kumpa msimamizi namba, walimpa maelezo mafupi ya wanagenzi wa kubuni walio katika hatua mbalimbali za umahiri, yaliyokwisha kukadiriwa na jopo la wataalamu. Kazi ya msimamizi ni kuchagua maelezo yanayofanana zaidi na mtu wake, bila kuona namba iliyo nyuma yake. Njia hii hupunguza upole, kwa sababu ni rahisi kuzungushia 4 kuliko kudai kwamba mwanagenzi wako anafanya mambo mahususi ambayo hujamwona akiyafanya. Haiumalizi upole wote, wala haimwezeshi mtu kuona alichofungiwa mlango.

Tuangalie basi masimulizi yana walakini gani. Mwaka 1996 Nicholas Ladany na wenzake waliwauliza wanagenzi wa Marekani kama kuna jambo waliwahi kumficha msimamizi wao. Zaidi ya asilimia 97 walikiri kuficha. Walificha hasira zao kwa msimamizi, mambo yao binafsi, makosa waliyofanya na mgonjwa, na hofu yao ya kupimwa. Hao ni vijana waliolelewa katika utamaduni unaowahimiza kumpinga mwalimu wazi. Wetu hufundishwa tangu utotoni kutomjibu mkubwa, na huenda hufika kwenye usimamizi na mengi zaidi ya kuficha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini aliyesema hivyo hakuwa akimtaka mtu avue nguo mbele ya anayeshika kalamu ya alama. Tukitaka makosa yasemwe, lazima pawe na mahali pa kuyasema pasipo na alama.

Kumwachia mwanagenzi ajipime mwenyewe nako hakutoshi. Steven Walfish na wenzake walipowauliza watoa huduma 129 wa afya ya akili nchini Marekani wajilinganishe na wenzao, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, robo yao walijiweka miongoni mwa kumi bora katika kila mia, na hakuna hata mmoja aliyejiona yuko chini ya wastani. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2005, uliowahusisha wateja 550, uliwataka watabibu wabashiri nani atamaliza akiwa na hali mbaya kuliko aliyoanza nayo. Walitaja watatu. Waliozorota walikuwa 40. Kama mtabibu aliye mbele ya mgonjwa haoni kwamba mtu anazama, mwanagenzi atamsimulia nini msimamizi wake?

Kwa hiyo tunarudi kwenye kuangalia kazi yenyewe, na hili si jambo geni. Carl Rogers alikuwa akirekodi vikao vya tiba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwenye santuri, akavifanya vitu vya kusomwa na kuchambuliwa. Miaka ya 1960 Norman Kagan alianza kukaa na mwanafunzi mbele ya picha ya kikao, akiisimamisha na kumuuliza: hapa ulikuwa unafikiri nini? Watabibu wa familia walikaa nyuma ya kioo na kupiga simu chumbani mwanafunzi alipopotea. Kwa tiba ya utambuzi na tabia, ile inayojulikana kwa kifupi cha CBT, kuna kipimo cha CTS-R kilichochapishwa Uingereza mwaka 2001. Mkadiriaji husikiliza kikao kizima na kutoa alama 0 hadi 6 katika vipengele 12, na alama 36 kati ya 72 ndiyo imezoeleka kuwa kiwango cha kufaulu. Napenda kipimo hiki kwa sababu kinalazimisha mabishano ya kweli. Wakadiriaji wawili wakitofautiana, wanarudi kwenye dakika ya kumi na saba na kusikiliza tena.

Kurekodi kuna masharti, na hapa ndipo ninapoona uzembe unaoweza kuumiza watu. Siku hizi kila mwanagenzi ana kinasa sauti mfukoni, yaani simu yake. Kikao kinarekodiwa, kinatumwa kwa msimamizi kwa WhatsApp, kinabaki kwenye simu zote mbili, na simu moja inaibwa kwenye daladala. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania tangu 2022, na maneno ya mgonjwa kuhusu ubakaji au virusi vya UKIMWI ni miongoni mwa taarifa nyeti kupita zote. Kifaa kiwe cha kituo, kisitoke kituoni, na sauti ifutwe baada ya tathmini. Mgonjwa aulizwe kwa lugha anayoielewa, aambiwe kwamba anayepimwa ni mwanagenzi na si yeye, na ajue kwamba akikataa atahudumiwa vile vile. Kwa uzoefu wa vituo vingi duniani wagonjwa wengi hukubali wakielezwa vizuri. Mwanagenzi ndiye anayeogopa zaidi.

Na asichague yeye kikao cha kusikilizwa. Akichagua, ataleta kile kilichokwenda vizuri, kama ambavyo yeyote wetu angefanya. Msimamizi ataje mwenyewe tarehe na mgonjwa, na asikilize vipande vifupi vya wagonjwa mbalimbali badala ya kikao kimoja kirefu, kwa kuwa mtu anayemudu vizuri mgonjwa mwenye sonona anaweza kupotea kabisa mbele ya mlevi mwenye hasira. Dakika kumi na tano kila wiki mbili si mzigo usiobebeka, hata kwenye hospitali yenye wodi zilizojaa.

Mtihani wa maigizo unaziba pengo ambalo kurekodi hakuliwezi. Mgonjwa anayetishia kumuua mkewe huenda asitokee katika miezi yote ya mafunzo, na hatuwezi kumsubiri. Howard Barrows alianza kutumia wagonjwa wa kuigiza huko Los Angeles mwaka 1963, na mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Uskochi, akaeleza mtihani wa vituo ambao wanafunzi wa udaktari wanaujua kwa jina la OSCE: kila mmoja hupita vituo vile vile, mgonjwa yule yule wa kuigiza, kipimo kile kile. Haki yake ni kubwa. Udhaifu wake ni kwamba kila mtu hujitahidi akijua anatazamwa, na dakika kumi hazionyeshi uvumilivu wa kukaa na mtu mmoja miezi minne.

Hatua iliyonipa matumaini zaidi katika eneo hili haikuanzia kwenye vyuo vya matajiri. Brandon Kohrt na wenzake walitengeneza nchini Nepal kipimo cha ENACT, kilichochapishwa mwaka 2015, kwa ajili ya watoa huduma wasio wataalamu. Kutokana na kazi hiyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walijenga jukwaa la EQUIP, lililojaribiwa katika nchi kadhaa, Kenya na Uganda zikiwemo. Mtahiniwa huigiza kikao na mgonjwa wa kubuni. Toleo la EQUIP lina stadi 15, kila moja ikiwa na viwango vinne, na kiwango cha kwanza kinataja tabia zenye kudhuru: kumhukumu mgonjwa, kumlazimisha aseme asiyotaka, kumtolea ahadi za uongo, kuikejeli imani yake. Msimamizi haulizwi tena mwanagenzi ana "huruma kiasi gani". Anaulizwa alichokiona na kukisikia. Stadi mojawapo ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe anadhani tatizo lake limetoka wapi. Anayefanya kazi Tanga au Kilifi anajua umuhimu wake, kwa maana mgonjwa anayeamini amerushiwa jini hatarudi kwa mtu aliyemkatiza sentensi.

Kuna wanaotaka tupime matokeo tu: wagonjwa wake wamepona au hawakupona? Wazo hilo linavutia, lakini kwa mwanagenzi mwenye wagonjwa wanane ni hesabu isiyo ya haki. Mmoja akifukuzwa kazi katikati ya tiba, mwingine akihama mji, wastani umeharibika. Vipimo kama PHQ-9, dodoso fupi la dalili za sonona, vijazwe kila kikao, naam, ili msimamizi aone mapema nani anazorota na amuulize mwanagenzi amefanya nini baada ya kuona. Mwitikio huo ndio wa kupewa alama.

Linabaki jambo zito, la anayeshindwa. Msimamizi mmoja hawezi kuwa mlezi wa kila siku na hakimu wa mwisho kwa wakati mmoja bila moja ya kazi hizo kuharibika. Ninaamini uamuzi wa mwisho utolewe na jopo dogo lenye angalau mtu mmoja ambaye hajawahi kumsimamia mwanagenzi huyo, likisikiliza rekodi na kuona maigizo. Mlezi atoe ushahidi, asitoe hukumu. Mwanagenzi aliye nyuma aambiwe katikati ya kipindi, si wiki ya mwisho, aandikiwe stadi anazopungukiwa, muda wa kurekebisha na nani atamsaidia. Wengi hurekebika. Asiyerekebika aambiwe ukweli akiwa bado kijana wa kuweza kubadili njia, na chuo kisimame nyuma ya msimamizi aliyeandika ukweli huo.

Yote haya kwetu yanakwama kwenye lugha ya kazi. Vikao vingi hufanyika kwa Kiswahili, na mara nyingi kwa Kisukuma, Kiluo au Kimasai ndani yake, lakini vipimo vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, na mafunzo ya wakadiriaji hutumia rekodi za watu wa Oxford au Philadelphia. Mkadiriaji anajifunza ukarimu wa sauti kutoka kwa watu wanaonyamaza, kusalimiana na kukatizana kwa namna nyingine kabisa. Salamu ya dakika tatu kabla ya kuingia kwenye jambo inaweza kuhesabiwa kupoteza muda, wakati ndiyo iliyofungua kikao.

Hili linaweza kurekebishwa kwa fedha kidogo. Vyuo vinavyofundisha fani hii Muhimbili na Nairobi, pamoja na watoa huduma wa mahali kama Hospitali ya Panzi huko Bukavu, Kongo, ambako manusura wa ubakaji wamekuwa wakitibiwa kwa miaka mingi, vinaweza kurekodi vikao vya kuigiza kwa Kiswahili cha pande zote tatu, bila mgonjwa halisi hata mmoja. Jopo la pamoja likadirie kila rekodi na kueleza kwa maandishi kwa nini limetoa alama hiyo. Kisha kila msimamizi mpya asikilize rekodi tatu na kuzipa alama zake kabla ya kuruhusiwa kumpima mwanagenzi. Aliye mbali na jopo asikilize tena akiwa na mwenzake, wabishane dakika kwa dakika, na arudie mtihani huo kila baada ya miaka miwili, maana sikio la msimamizi nalo huchoka.